Mtakatifu Inyasi wa Loyola na Safari ya Yerusalemu

Mtakatifu Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika nyumba ya Loyola, kaskazini ya Hispania. Jamaa zake walikuwa watu wakubwa, naye tangu ujana alipenda silaha, mavazi mazuri na sifa za watu. Tarehe 20 Mei 1521, alipokuwa akiulinda mji wa Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu wa kuume na kuujeruhi ule wa kushoto.

Wafaransa walioushinda mji walimtunza kwa wema. Baada ya majuma mawili hivi akachukuliwa kwa machela mpaka kwao Loyola, kwa njia ya milima. Alipofika, madaktari waliona kwamba mifupa haikukaa mahali pake: ama iliungwa vibaya, ama safari yenyewe iliitengua. Ikawa lazima kuuvunja mguu mara ya pili. Inyasi akadhoofika sana, akapokea Sakramenti kama mtu anayekaribia kufa. Katika mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, madaktari walisema kwamba asipopata nafuu kabla ya usiku wa manane, hapana tumaini tena. Lakini usiku ule ule akaanza kupata nafuu.

Alikaa kitandani miezi mingi. Akaomba vitabu vya hadithi za vita, lakini nyumbani havikuwapo. Akapewa Maisha ya Bwana Yesu na habari za Watakatifu. Kwa kusoma vitabu hivyo moyo wake uligeuka, akatamani kwenda Yerusalemu kufanya toba mahali alipotembea Mwokozi. Hata hivyo hakuondoka mara moja. Alingoja mpaka aweze kusimama na kupanda nyumbu, ndipo akatoka mapema mwaka 1522, ijapokuwa ndugu yake mkubwa alimsihi asiende. Mguu ulikuwa bado ukivimba kila jioni, naye aliufunga kwa vitambaa.

Kwanza alikaa karibu mwaka mzima mjini Manresa, katika sala na toba. Huko alifunga chakula na kujitesa kupita kiasi, hata afya yake ikaharibika, na maumivu ya tumbo yalimfuata mpaka kufa kwake. Baadaye alitambua kosa hilo, akawaonya wengine wasilifuate.

Mwaka 1523 alifika Venezia, bandari ambamo mahujaji walipanda meli. Mwaka uliotangulia Waturuki walikuwa wamekiteka kisiwa cha Rodo, kwa hiyo mahujaji wengi waliogopa wakarudi makwao. Meli ya mahujaji ilikwisha kuondoka. Ilibaki meli moja iliyokwenda Kipro, na mtawala wa Venezia alikubali Inyasi achukuliwe bila malipo. Ndipo homa kali ikamshika. Ikamtesa siku kadhaa, kisha ikamwacha bila nguvu. Siku ile ile ya kuondoka meli alikuwa amekunywa dawa ya kuharisha. Watu wa nyumba aliyokaa wakamwuliza daktari kama mgonjwa aweza kusafiri. Daktari akajibu kwamba aweza kabisa kupanda, kama anataka kwenda kuzikwa huko.

Inyasi alisikia jibu hilo, akapanda. Hakuidharau elimu ya daktari, wala hakudhani kwamba mwili wake ni wa chuma. Alikuwa ameipima safari hiyo muda wa miaka miwili mbele ya Mungu, naye alikuwa tayari kufa. Baharini alitapika sana, na baada ya hapo akaona nafuu, akapona kabisa. Tarehe 4 Septemba 1523 aliingia Yerusalemu.

Alitaka kukaa huko maisha yake yote. Lakini mkuu wa Wafransisko, aliyepewa mamlaka na Baba Mtakatifu, alimkataza, kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa. Inyasi akatii. Yeye ambaye homa haikumzuia, alizuiwa na neno la Kanisa, akarudi kabla mwezi haujaisha.

Mwaka 1535 alikuwa Paris pamoja na wenzake wa kwanza. Maumivu ya tumbo yakazidi, na madaktari wakasema kwamba hewa ya nchi yake tu ndiyo itakayomfaa. Safari hii aliwasikiliza madaktari na wenzake, akaenda kwao akipanda farasi mdogo waliyemnunulia. Huko hakukaa katika nyumba ya ndugu yake, bali katika hospitali ya maskini, akawafundisha watoto katekisimu kila siku. Ndugu yake alisema hakuna atakayekuja. Inyasi akajibu kwamba hata mmoja angemtosha. Wakaja wengi.

Mwaka 1540 mfalme wa Ureno aliomba mapadri wa kwenda Bara Hindi. Bobadilla alikuwa amechaguliwa, lakini alifika Roma mgonjwa, na balozi hakuweza kungoja. Inyasi, ambaye mwenyewe alipanda meli akiwa ametoka katika homa, hakumlazimisha mwenzake kufanya vile. Alimwita Fransisko Ksaveri ashike nafasi yake. Fransisko akaondoka, akapitia Msumbiji na Malindi, akawabatiza watu wengi sana huko Bara Hindi. Bobadilla naye alipona, akafanya kazi Ulaya miaka mingi.

Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Roho, Inyasi alifundisha namna ya kuamua jambo zito. Mtu asali kwanza, kisha apime faida na hasara za pande zote mbili kama katika mizani. Ajiulize angemshauri nini mtu asiyemjua, na saa ya kufa kwake angependa awe ameamua nini. Tena katika sheria za Shirika la Yesu aliandika kwamba kuutunza mwili kwa kiasi ni jambo la kusifiwa, ili uweze kumtumikia Mungu.

Basi mgonjwa aliyepata nafuu, naye ana safari mbele yake, asiige tu kule kupanda meli. Aige kwanza kule kupima: ni nini kinachomwita njiani, ni hamu yake mwenyewe au ni wajibu, na kama mwingine aweza kwenda badala yake, asione haya kubaki.

Mtakatifu Inyasi alikufa Roma tarehe 31 Julai 1556, na siku hiyo Kanisa humkumbuka kila mwaka.

Mtakatifu Inyasi, utuombee.