H. G. Wells

Herbert George Wells (21 Septemba 1866 – 13 Agosti 1946) alikuwa mwandishi kutoka nchini Uingereza. Pamoja na Mfaransa Jules Verne anahesabiwa kati ya waanzilishi wa bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya elimu ya sayansi. Wasomaji wengi wanamfahamu kwa riwaya zake kuhusu safari katika wakati, mtu asiyeonekana na uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mirihi. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia mpenzi mkubwa wa sanamu ndogo za askari, na kwamba kitabu chake cha mwaka 1913 ni kati ya misingi ya michezo ya vita inayochezwa mezani hadi leo.

Utoto na masomo

Wells alizaliwa Bromley, mji uliokuwa katika kaunti ya Kent na ambao leo ni sehemu ya London. Baba yake, Joseph Wells, aliwahi kuwa mtunza bustani, kisha akawa na duka dogo la vyombo lisilo na faida. Pesa nyingine alizipata kwa kucheza kriketi ya kulipwa. Mama yake, Sarah Neal, alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba za matajiri. Mwaka 1874 mtoto huyo alivunjika mguu akalazimika kulala kitandani kwa wiki nyingi. Baba yake alimletea vitabu kutoka maktaba, naye Wells alisema baadaye kwamba ajali hiyo ndiyo iliyomfanya msomaji.

Baba naye alivunjika mguu mwaka 1877, na mapato ya kriketi yakaisha. Hapo wavulana wa nyumba ile walipelekwa kujifunza kazi za dukani. Wells aliwekwa katika duka la vitambaa mjini Southsea, ambako alifanya kazi saa nyingi na kulala bwenini pamoja na wanagenzi wengine. Aliichukia kazi hiyo. Mwaka 1883 alifaulu kutoka na kuwa mwalimu msaidizi katika shule ya Midhurst, na mwaka uliofuata alipata nafasi pamoja na posho katika chuo cha sayansi cha South Kensington, London. Huko alifundishwa biolojia na Thomas Henry Huxley, mtetezi mashuhuri wa nadharia ya mageuko ya Charles Darwin. Mafundisho hayo yanaonekana karibu katika kila riwaya aliyoiandika baadaye. Digrii yake aliipata mwaka 1890, akafundisha kwa muda, na kitabu chake cha kwanza (1893) kilikuwa cha kiada cha biolojia.

Alimwoa binamu yake Isabel mwaka 1891, lakini ndoa hiyo haikudumu. Mwaka 1895 alimwoa Amy Catherine Robbins, aliyekuwa mwanafunzi wake, wakapata wana wawili: George Philip (1901) na Frank (1903). Wells hakuwa mume mwaminifu. Alizaa pia nje ya ndoa na Amber Reeves na baadaye na mwandishi Rebecca West, mambo yaliyozungumzwa sana wakati ule.

Riwaya za kisayansi

Kati ya 1895 na 1901 Wells alitoa vitabu ambavyo vimebaki kuwa mashuhuri kuliko vyote: The Time Machine (1895) kuhusu mashine ya kusafiri katika wakati, The Island of Doctor Moreau (1896), The Invisible Man (1897), The War of the Worlds (1898) na The First Men in the Moon (1901).

The War of the Worlds kinamhusu msomaji wa Afrika kuliko anavyoweza kudhani. Wakazi wa Mirihi wanashuka karibu na London wakiwa na mashine ndefu za miguu mitatu na mwali wa joto unaounguza watu na nyumba, na jeshi la Uingereza linashindwa kabisa. Mwanzoni mwa kitabu Wells anawakumbusha Waingereza kwamba wakazi asilia wa Tasmania waliangamizwa na walowezi kutoka Ulaya katika muda wa miaka hamsini, na anauliza kama wana haki ya kulalamika wakitendewa vilevile. Mwaka kitabu kilipotoka, Wajerumani walikuwa wakimaliza vita vyao dhidi ya Wahehe, na Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe. Mwishoni wavamizi wa riwaya wanauawa na bakteria, si na mizinga.

Hata hivyo si sahihi kumchukulia Wells kama mtetezi wa watu waliotawaliwa. Katika Anticipations (1901) aliandika mambo mabaya kuhusu watu wasio weupe na kuhusu kuzuia uzazi wa watu aliowaona dhaifu. Miaka ya baadaye aliukana ubaguzi wa rangi waziwazi.

Baadhi ya mambo aliyoyabuni yalitokea kweli. Hadithi yake ya 1903, The Land Ironclads, inaeleza magari ya chuma yanayovuka mahandaki. Vifaru vya kwanza viliingia vitani nchini Ufaransa mwaka 1916. Katika The World Set Free (1914) alitaja mabomu ya atomiki, miaka 31 kabla ya Hiroshima.

Askari wa risasi

Kuanzia mwaka 1900 familia iliishi Sandgate, kwenye pwani ya Kent, katika nyumba iliyoitwa Spade House. Wells alicheza na wanawe sakafuni kwa mbao, matofali ya kuchezea na sanamu ndogo, wakajenga visiwa na miji. Michezo hiyo aliieleza katika Floor Games (1911). Humo analalamika kwamba maduka ya vitu vya kuchezea yanauza askari wengi mno na karibu hakuna raia.

Sanamu zenyewe zilitengenezwa na kampuni ya William Britain ya London. Mwaka 1893 kampuni hiyo ilianza kutengeneza askari wenye uwazi ndani: aloi ya risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu, ikaachwa kidogo mpaka tabaka la nje ligande, kisha iliyobaki ikamwagwa. Hivyo askari mmoja alitumia madini kidogo, akawa mwepesi, na bei ikashuka kiasi cha familia za kawaida kuweza kununua sanduku zima. Walipakwa rangi kwa mkono, kikosi kwa kikosi. Katika Kiswahili neno “risasi” hutaja madini hayo na pia kile kinachotoka katika bunduki, na kwa kweli vyote viwili vilitengenezwa kwa kitu kilekile.

Kampuni hiyo iliuza pia mzinga mdogo wenye springi uliorusha kipande cha mti. Wells aliusifu kwamba uliweza kumwangusha askari wa kuchezea mara tisa katika kumi kwa umbali wa yadi 9, karibu mita 8. Mzinga huu ndio uliozaa mchezo. Siku moja rafiki yake, ambaye kwa kawaida anatambuliwa kuwa mwandishi Jerome K. Jerome, alianza kuwalenga askari baada ya chakula, na watu wazima wakaanza kushindana. Baadaye Wells alitunga kanuni, akazijaribu na kuzirekebisha na marafiki, na mwaka 1913 akazichapisha katika kitabu Little Wars, yaani “Vita Vidogo”.

Jinsi ya kucheza

Uwanja ni sakafu ya chumba au majani ya bustani. Nyumba zinatengenezwa kwa mbao na karatasi ngumu, misitu kwa vijiti, mito kwa chaki. Pazia linafungwa katikati ili kila upande upange jeshi lake bila kuonekana, kisha linaondolewa. Kila zamu askari wa miguu anaweza kusogea futi moja na askari wa farasi futi mbili. Mzinga hauwezi kufyatuliwa bila kuwa na askari wanne karibu nao, na hauwezi kusogezwa na kufyatuliwa katika zamu moja. Anayeangushwa na kipande cha mti amekufa. Pande mbili zikigusana kuna mapigano ya ana kwa ana, na kikosi kidogo kilichotengwa na wenzake kinaweza kuchukuliwa mateka. Muda wa kila zamu unapimwa kwa saa, hivyo jemadari mwenye kusitasita anaadhibiwa.

Dadu hazitumiki kwa mizinga: kupata au kukosa kunategemea jicho na mkono wa mchezaji. Jambo hili linautofautisha mchezo wa Wells na ule wa maofisa wa Prussia, uliotumia ramani, meza za hesabu na dadu tangu mwanzo wa karne ya 19. Wells aliuona ule wa maofisa kuwa mzito na wa kuchosha, ingawa mwishoni mwa kitabu alijadili jinsi wake ungeweza kupanuliwa kwa mafunzo ya kijeshi.

Jina kamili la kitabu linasema kwamba mchezo unawafaa wavulana wa miaka 12 hadi 150, pamoja na wale wasichana wenye akili zaidi wanaopenda michezo ya wavulana. Mzaha huo haujazeeka vizuri.

Chini ya mzaha kulikuwa na hoja. Wells alidai kwamba mtu akiwa amecheza vita vidogo mara tatu au nne tu, ataelewa jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi. Kama katika chumba tulivu majemadari wanakosea, wanasahau vikosi na kupoteza watu ovyo, basi watafanyaje katika jambo lenye damu na moshi? Alipendekeza kwamba wafalme na majenerali wapewe askari wa risasi na sakafu kubwa, na watu wengine waachwe waishi.

Vita vikubwa

Mwaka mmoja baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Haikubaki Ulaya: tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza HMS Astraea iliupiga kwa mizinga mnara wa redio wa Wajerumani mjini Dar es Salaam. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Kwa kuwa mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe, mizigo ya jeshi ilibebwa na watu. Wapagazi wa Kiafrika waliokusanywa na pande zote mbili walikuwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na malaria, si kwa silaha. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Mahali kilipopiga kambi Dar es Salaam paligeuka katika vinywa vya watu kuwa Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Katika kanuni za Little Wars mpagazi hana nafasi: askari hawali, na baruti haiishi.

Wells mwenyewe hakupinga vita hii. Mnamo 1914 alitoa The War That Will End War, akitetea kwamba kuishinda Ujerumani kutakomesha vita vyote, na mwaka 1918 alifanya kazi ya propaganda kwa serikali yake. Haikuwa hivyo, na kichwa hicho cha kitabu kiligeuka kuwa dhihaka. Mwaka 1927 Waingereza waliweka katikati ya Dar es Salaam Sanamu ya Askari, mwanajeshi wa shaba nyeusi mwenye bunduki iliyochomekwa singe, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika.

Miaka ya mwisho

Baada ya vita Wells aliandika The Outline of History (1920), historia ya dunia iliyouzwa kwa wingi sana, akahimiza serikali moja ya dunia. Alikutana na Lenin mwaka 1920, na mwaka 1934 alizungumza na Rais Roosevelt kisha na Stalin. Mwaka huohuo wa 1934, akiwa mgonjwa wa kisukari, alishiriki kuanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari nchini Uingereza, ambacho kipo hadi leo. Mwaka 1940 alitoa The Rights of Man, akidai hati ya haki za kila binadamu. Umoja wa Mataifa ulitoa Tamko lake mwaka 1948. Wells hakuliona, kwa kuwa alifariki nyumbani kwake London tarehe 13 Agosti 1946. Mwili ulichomwa na majivu yakatawanywa baharini.

Urithi wa mchezo

Kampuni ya Britain iliacha kutengeneza askari wa risasi mwaka 1966, plastiki ilipochukua nafasi. Lakini Waingereza kama Donald Featherstone, aliyetoa kitabu War Games mwaka 1962, walikuwa wamekwisha kuufufua mchezo. Mmarekani Gary Gygax, mmoja wa watungaji wa Dungeons & Dragons (1974), alitoka katika michezo ya sanamu ndogo na baadaye aliandika dibaji ya toleo jipya la Little Wars. Mwaka 1987 kampuni ya Games Workshop ilitoa Warhammer 40,000, ambamo askari ni wa zama zijazo na maadui wengine ni viumbe wa sayari nyingine. Hapo riwaya za Wells na sakafu yake zilikutana mezani.

Sanamu za miaka hiyo ya 1980 sasa zinatafutwa na wakusanyaji. Nyingi ni za aloi yenye risasi, kwa hiyo zinashikwa kwa uangalifu: mikono huoshwa baada ya kazi, na vumbi la kukwangua halipulizwi. Mkusanyaji huondoa rangi ya zamani, hunyoosha silaha zilizopinda, wakati mwingine hukata kichwa au mkono na kuunga kingine, kisha hupaka rangi upya kwa brashi nyembamba, tabaka kwa tabaka. Mashine za miguu mitatu za Mirihi nazo zimetengenezwa kama sanamu ndogo mara nyingi, ili zipigane na askari wa makoti mekundu wa enzi ya Malkia Victoria.