Charles Pearson na Reli Iliyopita Chini ya London

Watu wakitajiwa reli ya chini ya ardhi, mara huuliza ni mhandisi gani aliyeichimba. Mimi nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za mtu ambaye hakuwa mhandisi, wala hakuwa tajiri wa reli, wala hakupata kupanda garimoshi hilo hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kusema, kuandika na kuhesabu, naye aliishika kwa muda wa miaka kumi na saba. Jina lake ni Charles Pearson.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba, 1793, katika City, yaani ile sehemu ya kale ya London ambayo eneo lake ni kama maili moja ya mraba tu, nayo ina baraza lake yenyewe. Baba yake alikuwa fundi wa kuvika viti vitambaa na mwuza manyoya ya magodoro. Kijana alitazamiwa kuifuata kazi hiyo, lakini alipenda sheria zaidi, na mwaka 1816 akahitimu kuwa wakili. Mwaka uliofuata akamwoa Mary Martha Dutton, mchoraji wa picha za watu.

Tangu ujana wake Bwana Pearson alikuwa na tabia ya kushika mambo ambayo wakubwa wenzake hawakuyapenda. Katika City palikuwa na mnara wa kukumbusha moto mkuu wa mwaka 1666, na juu yake yaliandikwa maneno ya kuwasingizia Wakatoliki kwamba wao ndio waliouwasha. Pearson alipigana mpaka maneno hayo yakafutwa mwaka 1830. Aliwatetea Wayahudi pia wapate haki ya kufanya biashara katika City kama watu wengine. Mwaka 1839 akawa mwanasheria wa City, cheo alichokaa nacho mpaka kufa, na toka 1847 mpaka 1850 alikuwa Mbunge wa Lambeth, ambapo shauri lake kubwa lilikuwa kutengenezwa kwa magereza. Lakini haya yote nayapita upesi, maana jambo lililomletea sifa ni jingine.

Mwanzoni mwa karne ile London ilikuwa na watu yapata milioni moja. Kufika mwaka 1851 walikuwa wamezidi milioni mbili. Reli zilikuwa zimekwisha kuja kutoka pande zote za nchi, lakini stesheni zake kubwa saba zilikuwa zimeuzunguka mji kwa nje, na moja tu, Fenchurch Street, ndiyo iliyokuwamo ndani ya City. Abiria akishuka huko pembeni alikuwa hana budi kuingia mjini kwa miguu au kwa gari la farasi. Njia zilikuwa nyembamba, farasi na mikokoteni vimesongamana, na samadi imejaa barabarani.

Mwaka 1845 Pearson alitoa kijitabu akitaka reli ipite chini ya ardhi katika bonde la mto Fleet mpaka Farringdon. Tena alitaka magari yasukumwe kwa nguvu ya hewa, ili moshi usiwe chini huko. Magazeti yalimcheka. Watu walisema nyumba zitatitia, na abiria watakufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 1846 alipeleka mbele ya tume ya Serikali shauri la kujenga stesheni kubwa moja ya makampuni yote hapo Farringdon, nalo likakataliwa.

Kisa cha kung'ang'ania kwake hakikuwa magari tu. Wafanya kazi wa London walikuwa wakiishi wamebanana katika vyumba vichafu karibu na kazi zao, kwa sababu kuishi mbali kulihitaji ama saa nyingi za kutembea ama nauli wasiyoweza kuilipa. Pearson aliona kwamba garimoshi la nauli ndogo lingempa kibarua nyumba nje ya mji, penye hewa safi na kibustani chake, na asubuhi akawahi kazini.

Mwaka 1854 mambo ya usafiri wa mji yalipochunguzwa tena, Pearson hakuja na maneno matupu. Aliweka watu kwenye njia za kuingilia City, wawahesabu waingiao. Ilionekana kwamba kila siku watu 200,000 waliingia kwa miguu, 44,000 kwa mabasi ya farasi, na 26,000 kwa magari yao wenyewe. Mimi naona hesabu hii ndiyo kazi bora ya maisha yake. Waliokuwa wakilalamika juu ya msongamano walikuwa wale wenye magari, nao walikuwa wachache kuliko wote. Karibu watu watatu katika kila wanne walikuwa wakienda kwa miguu, na hakuna aliyekuwa akiwafikiria.

Mwaka huo huo Bunge likaipa kampuni ya Metropolitan ruhusa ya kujenga. Walakini fedha hazikupatikana, kwa kuwa vita vya Crimea vilikuwa vikiendelea. Pearson akaandika tena, na akawasihi wakubwa wa City mpaka wakakubali kununua hisa za pauni 200,000. Kazi ilianza mwaka 1860, chini ya mhandisi John Fowler. Walichimba handaki refu katikati ya barabara, wakajenga kuta na dari ya matofali, kisha wakafukia.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Penye majengo, makampuni ya reli yalipenda kupita mitaa ya maskini, maana huko ardhi ilikuwa rahisi. Wapangaji wengi wa bonde la Fleet walibomolewa nyumba bila kulipwa kitu, wakaenda kubanana katika mitaa ya jirani. Nyumba za bustani alizoziwazia Pearson zilikuwa bado hazijajengwa. Sioni haki kulificha hili, ingawa nampenda mtu huyu.

Mwezi Juni, 1862, mfereji wa maji machafu wa Fleet ulipasuka ukafurika ndani ya handaki. Kazi ikarudiwa. Tarehe 14 Septemba mwaka huo Pearson akafariki dunia nyumbani kwake Wandsworth. Kampuni ilikuwa imetaka kumpa zawadi, naye akaikataa. Baadaye mjane wake alipewa pauni 250 kwa mwaka.

Reli ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 10 Januari, 1863, toka Paddington mpaka Farringdon, na siku hiyo walisafiri watu wapatao 38,000. Katika mwaka wa kwanza walifika milioni tisa na nusu. Magari yalivutwa na mashine za moshi, si kwa hewa kama alivyotaka Pearson, na abiria walikohoa mpaka umeme ulipoletwa mwaka 1905. Lakini mwezi Mei, 1864, kampuni ilianza kuendesha magarimoshi ya wafanya kazi, yakiondoka alfajiri kabla ya saa kumi na mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa peni tatu.