Daktari Lawrence na Kipimo cha Chakula

Katika nchi ya Karagwe na Kyerwa, magharibi ya Ziwa Victoria Nyanza, chakula kikuu ni ndizi. Hupikwa pamoja na maharage, na msimu wa senene ukifika, furaha huzidi mezani. Hakuna mama apimaye chakula hicho kwa mizani. Hupakuliwa kwa kadiri ya njaa ya mlaji. Lakini kwa mtoto aliyeshikwa na kisukari cha aina ya kwanza, kipimo ni jambo la uzima na mauti. Kongosho lake halitoi tena insulini, na pasipo insulini mwili hauwezi kuitumia sukari itokayo katika wanga, hata ikiwa imejaa damuni. Miongoni mwa watu wa kwanza waliowatafutia wagonjwa hao kipimo chepesi alikuwamo mtu mmoja ambaye naye alikuwa mgonjwa, jina lake Robert Daniel Lawrence.

Alizaliwa katika mji wa Aberdeen, nchi ya Uskoti, tarehe 18 Novemba 1892. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa burashi. Kijana alisoma kwanza elimu ya lugha, kisha akajaribu kazi katika duka la vitambaa la jamaa yake. Akaichoka upesi, akarudi chuoni kujifunza udaktari. Alihitimu mwaka 1916, akatumika jeshini huko India, hata akarudishwa kwao kwa ajili ya ugonjwa wa tumbo. Ndipo akapata kazi katika Hospitali ya King's College, mjini London.

Siku moja, mwaka 1920, alikuwa akijizoeza kupasua mfupa wa nyuma ya sikio katika maiti. Kipande cha mfupa kikaruka, kikampiga jichoni. Jicho likafanya usaha, na katika kuuguzwa ikaonekana ya kuwa mkojo wake una sukari. Alikuwa hajatimiza miaka 30.

Wakati ule habari ya namna hii ilikuwa hukumu ya kifo. Madaktari hawakuwa na dawa ila njaa. Mgonjwa alipewa chakula kidogo mno, na wengine walipewa mboga zilizochemshwa mara tatu, maji yakamwagwa kila mara, ili hata wanga kidogo uliomo utoke. Waliokubali kula hivyo waliishi miezi kadha zaidi, nao wamebaki mifupa mitupu. Lawrence hakupenda jamaa zake wamwone akifa, basi akahamia Florence, katika nchi ya Italia, akafanya udaktari huko huku akingoja mwisho wake.

Naam, insulini ilikuwa imekwisha kupatikana huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza alidungwa Januari 1922; ila ilikuwa adimu bado. Katika majira ya baridi Lawrence akapatwa na kifua, akadhoofika sana, na miguu ikaanza kufa ganzi. Mwaka 1923 rafiki yake Daktari Harrison, wa hospitali ile ile ya London, akampelekea simu ya waya kumwarifu kwamba dawa imepatikana, nayo yafaa, arudi upesi. Mgonjwa akasafiri kwa motokaa, akavuka Ulaya kwa taabu nyingi. Tarehe 31 Mei 1923 akadungwa sindano yake ya kwanza, na nguvu zikaanza kumrudia.

Lakini sindano ile ilileta shida mpya. Mtu akidungwa insulini nyingi kuliko chakula, sukari ya damu hushuka mno. Hutetemeka, hutoka jasho, huzimia, na pengine hufa. Akila kupita sindano, sukari hupanda. Lawrence alilijua jambo hili katika mwili wake mwenyewe. Basi mwaka 1925 akatoa kitabu kiitwacho The Diabetic Life, kwa madaktari na wagonjwa pia. Aligawa vyakula katika mafungu. Fungu jeusi lilikuwa na gramu 10 za wanga, kama vile kipande kidogo cha mkate. Fungu jekundu lilikuwa na protini na mafuta, kama vya nyama, mayai na jibini. Jeusi moja na jekundu moja viliandikwa katika mstari mmoja, na daktari alimwambia mgonjwa ale mistari mingapi kwa siku. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haikumfunga mtu katika chakula kimoja. Aliweza kuacha mkate akachukua viazi, mradi fungu ni lile lile. Kwa hesabu hiyo ndizi moja ya kupika ya wastani ina mafungu meusi kama mawili au matatu, na senene wangehesabiwa upande wa nyekundu.

Mwaka 1936 ilipatikana insulini ikaayo mwilini kwa muda mrefu, na 1946 nyingine huko Denmark, ambayo hutumika hata leo. Hiyo ilipunguza sindano, lakini ilizidisha utumwa wa saa. Mwanafunzi wa Kyerwa aliyedungwa asubuhi insulini ya haraka iliyochanganywa na ya polepole hana budi kula adhuhuri, awe na njaa au asiwe nayo, maana ile ya polepole hufanya kazi kwa nguvu wakati huo. Akikosa chakula cha mchana, au akichuma kahawa kwa bidii pasipo kuongeza chakula, aweza kuanguka njiani. Tangu miaka ya 1980 wengine hudungwa sindano ndogo kwa kila mlo juu ya ile ya muda mrefu. Hao huhesabu kwanza ndizi zilizo katika sahani, kisha hupima dawa, nao waweza kuchelewa kula pasipo hatari kubwa. Hata sasa wako madaktari Uingereza wahesabuo wanga kwa gramu 10.

Mwaka 1934 Lawrence, pamoja na H. G. Wells, mwandishi wa vitabu aliyekuwa mgonjwa wake, alianzisha chama cha wenye kisukari cha Uingereza. Mwaka 1950 akawa rais wa kwanza wa shirikisho la vyama kama hivyo vya dunia. Alioa, akapata wana watatu. Alifariki London tarehe 27 Agosti 1968, mwenye umri wa miaka 75, baada ya kuishi kwa sindano miaka 45.