Kowalska: Mtakatifu Mwenye Jina la Mhunzi



Kuna kipindi nilikuwa naona aibu kutaja kazi yangu. Napika na kuosha vyombo kwenye hosteli ya wanafunzi, na shule niliishia njiani. Nikawa najiambia, Mungu ana wasomi wake, mimi wa jikoni atanituma nini? Kilichonitoa huko ni jina la ukoo la Mtakatifu Faustina.

Jina hilo ni Kowalska. Kwa Kipolandi, kowal ni mhunzi, yule mfua vyuma. Mwanamume wa ukoo huo huitwa Kowalski, mwanamke Kowalska. Wahunzi walikuwepo kila mahali, na jina likaenea mno, hadi leo Wapolandi wakitaka kumtaja mwananchi wa kawaida tu, humwita Kowalski.

Helena Kowalska alizaliwa tarehe 25 Agosti 1905 katika kijiji cha Głogowiec, mtoto wa 3 kati ya 10. Baba yake alikuwa seremala na mkulima. Helena alisoma kwa muda usiofika miaka 3, kisha akaenda kuwa mfanyakazi wa ndani. Alipotaka utawa, alibisha hodi nyumba kadhaa akakataliwa, maana hakuwa na kitu. Ile iliyomkubali, huko Warsaw, ilimtaka kwanza atafute hela ya mavazi ya kitawa. Akarudi kutumika kwenye nyumba za watu, na mwaka 1925 akapokelewa. Utawani akapewa jina Maria Faustina, akapangiwa jikoni, bustanini na mlangoni.

Sasa angalieni. Huyo dada wa jikoni ndiye Yesu alimtokea mjini Płock tarehe 22 Februari 1931, akamwagiza ichorwe picha ya Huruma ya Mungu, hiyo tunayoiona makanisani mwetu. Aliandika madaftari 6 kwa elimu yake hiyohiyo ndogo. Alifariki Kraków tarehe 5 Oktoba 1938 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 33. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000.

Jina Faustina, la Kilatini, lina maana ya mwenye heri. Lakini Kanisa halikulifuta lile la mhunzi. Tunamwita Mtakatifu Faustina Kowalska, yote mawili pamoja.

Wewe je, unaficha nini mbele za Mungu? Jina, kwenu, kazi? Mimi kesho alfajiri naenda kuwasha jiko, na sioni aibu tena.

Mtakatifu Faustina Kowalska, utuombee.