Abraham Lincoln Kabla ya Ndevu

Mwaka wa 1937, Maktaba ya Bunge la Marekani jijini Washington ilipokea bamba dogo la shaba lililopakwa fedha. Aliyelitoa ni Mary Lincoln Isham, mjukuu wa Abraham Lincoln, na sura iliyomo ni ya babu yake. Hakuna picha ya Lincoln inayojulikana iliyo kongwe kuliko hiyo. Upigaji picha wa enzi hizo haukuwa na filamu. Bamba lenyewe ndilo lililokuwa picha, na lingepotea, asili yake ingepotea daima.

Mwenye sura hiyo alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky, jimbo lililoruhusu utumwa. Alipokuwa na umri wa miaka saba jamaa yake ilihamia Indiana, na mwaka wa 1818 mamake akafariki. Ukijumlisha siku zake zote za darasani, hazitimizi mwaka mmoja. Elimu iliyosalia aliichuma vitabuni, hata sheria, ambayo ilimpeleka Springfield, Illinois.

Ni katika mji huo, mwaka wa 1846 au 1847, ambapo inaaminika kuwa mpiga picha Nicholas Shepherd alimketisha mbele ya kamera. Lincoln alikuwa wakili wa umri wa makamo, mume wa Mary Todd, mtu aliyechaguliwa, au aliyekaribia kuchaguliwa, kuingia Baraza la Wawakilishi. Amevaa suti, nywele zimelazwa, kidevu kimenyolewa.

Aghalabu watazamaji humsaka mkombozi wa watumwa katika uso huo. Ni kazi bure. Mnamo Oktoba 1847, wakili huyuhuyu alisimama mahakamani katika Wilaya ya Coles kumtetea Robert Matson, bwana wa Kentucky aliyetaka kurudishiwa Jane Bryant na watoto wake kama watumwa. Lincoln alishindwa, Bryant na wanawe wakawa huru. Mwandishi wa wasifu anayeliruka tukio hilo hamtendei haki Lincoln, wala Bryant.

Mabadiliko yalikuja polepole. Januari 1849, akiwa mbungeni, Lincoln alitayarisha pendekezo la kukomesha utumwa hatua kwa hatua jijini Washington, halikufika mbali. Sheria ya mwaka wa 1854 iliyofungulia utumwa milango ya Kansas na Nebraska ndiyo iliyomrudisha ulingoni kwa ari mpya. Baada ya kuchaguliwa kuwa Rais mwaka wa 1860, alifuga ndevu. Tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi alilitia saini tarehe 1 Januari 1863. Alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865, akafa kesho yake asubuhi.

Picha ile ilibaki mikononi mwa mwanawe, Robert. Umma haukuiona hadi Novemba 1895, ilipochapishwa katika jarida la McClure's pamoja na makala za Ida Tarbell. Wengi walizoea mzee mwenye ndevu. Robert alikuwa mlinzi mkali wa jina la babake. Hati za Rais aliikabidhi Maktaba hiyohiyo, kwa sharti kwamba zisifunguliwe hadi itimie miaka 21 baada ya kifo chake yeye. Robert alifariki tarehe 26 Julai 1926. Hivyo basi, kwa miaka kumi Maktaba ilikuwa na uso wa kijana Lincoln, ilhali barua zake zilikuwa chini ya kufuli mle mle, hadi tarehe 26 Julai 1947.