Dk. Karel Styblo: Manusura wa kambi ya mateso aliyebadili tiba ya kifua kikuu akiwa Tanzania

HOSPITALI ya Kibong'oto, iliyopo wilayani Siha katika miteremko ya magharibi ya Mlima Kilimanjaro, imekuwa ikipokea wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Wakati huo duniani hapakuwa na dawa ya kuponya ugonjwa huo. Tegemeo lilikuwa hewa safi ya mlimani, mapumziko na chakula bora, na mgonjwa angeweza kukaa mbali na nyumbani kwa miezi mingi bila kujua kama atarudi.

Imani hiyo ilienea kote duniani. Huko Denver, Marekani, mji ulio kwenye nyanda za juu, Wayahudi walifungua hospitali ya hisani mwaka 1899 na nyingine mwaka 1904, kwa ajili ya maskini wenye kifua kikuu. Maombi ya wagonjwa waliotafuta nafasi katika hospitali ya pili bado yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Denver. Jalada lilifunguliwa mtu alipoomba kuingia. Lakini akishatoka na kurudi mtaani kwake, ilikuwa vigumu kujua kilichompata.

Pengo hilo ndilo lililokuja kuzibwa nchini Tanzania na daktari ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu.

Karel Styblo alizaliwa Novemba 26, 1921, katika kijiji cha Vilémov, nchini Czechoslovakia. Ujana wake uliangukia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na miezi ya mwisho ya vita hivyo ilimkuta akiwa mfungwa katika kambi ya mateso ya Mauthausen, Austria. Njaa, msongamano na kazi za sulubu viliwaua maelfu ya wafungwa wa kambi hiyo. Yeye aliambukizwa kifua kikuu humo, na alikuwa bado hai pale majeshi ya Marekani yalipoikomboa kambi hiyo Mei 1945.

Alipopona, alisomea udaktari mjini Prague na kuchagua kushughulika na ugonjwa uliotaka kumuua. Katika wilaya ya Kolín, nchini mwake, alishiriki utafiti mkubwa wa kufuatilia jinsi kifua kikuu kinavyosambaa katika jamii nzima. Miaka ya 1960 alihamia Uholanzi na kufanya kazi na shirika la nchi hiyo la kupambana na kifua kikuu.

Hesabu zake zilimpa jina kubwa miongoni mwa wataalamu. Alionesha kuwa mgonjwa ambaye makohozi yake yana vimelea vinavyoonekana kwa hadubini, asipotibiwa, huweza kuambukiza watu wapatao 10 kwa mwaka. Kwa hiyo, kumponya mgonjwa wa namna hiyo mapema ni kuwakinga jirani zake wote.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na Dk. Styblo akawa mshauri wake mkuu kupitia Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Nchi ilikuwa na zahanati nyingi vijijini lakini fedha kidogo, na watu wengi waliishi mbali na hospitali kubwa.

Hakupendekeza kujenga hospitali mpya za mlimani. Kazi iliingizwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali zilizokuwepo, na kila wilaya ikapata mratibu wake. Mgonjwa alitambuliwa kwa kupima makohozi kwa hadubini, njia nafuu kuliko picha ya eksirei.

Chombo muhimu kuliko vyote kilikuwa daftari. Kila mgonjwa aliandikwa katika rejista ya wilaya, makohozi yake yakapimwa tena tiba ikiendelea, na mwishoni ilibidi iandikwe kama amepona, amefariki dunia, amehama au ameacha dawa. Kila baada ya miezi mitatu takwimu zilipelekwa ngazi za juu. Kwa utaratibu huo hakuna mgonjwa aliyeandikishwa ambaye angetoweka bila mtu kuulizwa yuko wapi.

Daftari hilo hilo lilifichua udhaifu wa tiba ya zamani. Dawa zilimezwa kwa mwaka mzima au zaidi, na wengi waliziacha mara walipopata nafuu. Ndipo katika miaka ya 1980 ikaletwa tiba ya miezi minane yenye rifampisini, dawa yenye nguvu lakini ghali. Ilitolewa katika miezi miwili ya mwanzo tu, mgonjwa akimeza mbele ya mhudumu, ili vimelea visipate mwanya wa kujenga usugu.

Wapo walioona kuwa nchi maskini isingeimudu gharama hiyo. Matokeo yaliwajibu: karibu wagonjwa wanane kati ya kila 10 waliotibiwa hivyo walipona.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuja pamoja na msiba mwingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka huo wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa nchini walikuwa takribani 12,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walizidi 60,000. Kupona kwa waliotibiwa hakukutosha kuzuia wimbi la waliokuwa wakiugua upya.

Mfumo wenyewe haukuanguka. Ulikuwa umeshasambaa hadi Malawi, Msumbiji, Benin na Nicaragua. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliitaja tiba hiyo kuwa miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kwa gharama ndogo, na katikati ya muongo huo Shirika la Afya Duniani likaitangazia dunia nzima kwa jina la DOTS.

Dk. Styblo alifariki dunia Machi 1998, akiwa na umri wa miaka 76. Huko Kibong'oto, ambako sasa ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi, wanatibiwa pia wenye kifua kikuu sugu, aina ambayo mara nyingi huanzia kwa tiba iliyokatizwa njiani. Tiba yao nayo huandikwa na kufuatiliwa hadi matokeo yake ya mwisho yajulikane.