Sayyid Muhammad Abdille Hassan: Ngome za Mawe na Ndege za Waingereza

Miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki waliopigana na wakoloni, ni wachache waliodumu vitani kama Sayyid Muhammad Abdille Hassan wa Usomali. Waingereza walimwita mwendawazimu. Wasomali humwita Sayyid, na mashairi yake wanayo vifuani hadi leo.

Alizaliwa katikati ya karne ya 19, akahifadhi Kurani angali kijana. Alipokwenda kuhiji Makka alikutana na Sheikh Muhammad Salih, akaingia katika tarika ya Salihiya. Mwaka 1895 alirejea Berbera, akaanza kuwakataza watu mirungi na tumbaku. Pale bandarini aliwakuta Waingereza wakitawala, na wamishonari wakiwalea mayatima wa Kisomali katika dini yao. Huko bara, Mfalme Menelik wa Uhabeshi alikuwa akijitwalia Ogaden, na Wataliana nao walikuwa na sehemu yao. Nchi iligombewa na wageni watatu, na wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1899 Sayyid alitangaza jihadi, na wafuasi wake wakaitwa Madarwishi.

Waingereza walimwandama kwa majeshi ya nchi kavu, askari wa Keya wakiwamo. Tarehe 17 Aprili 1903, huko Gumburu, kikosi chao kiliangamizwa. Januari 1904 ilikuwa zamu ya Sayyid kupigwa vibaya, huko Jidbali, lakini aliinuka tena. Mwaka 1910 Waingereza waliliacha bara wakajikalia pwani. Nguvu yake ilikuwa katika kuhama. Watu wake walikwenda na ngamia wao, wakivijua visima vyote, na adui alipofika hakukuta kitu.

Hata hivyo, mikono ya Madarwishi iliingia pia damu ya Waislamu wenzao. Mwaka 1909 walimwua Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, yule yule aliyeieneza Kadiriya Unguja na mwambao wetu. Karibu na wakati huo Sheikh Muhammad Salih alimwandikia Sayyid barua ya kumlaumu kwa mwenendo wake, na baadhi ya wafuasi wakamwacha.

Ndipo Sayyid alipobadili mtindo wake. Badala ya kuhamahama, alijenga ngome za mawe. Iliyo kubwa kupita zote ilikuwa Taleh, iliyojengwa na waashi kutoka Yemen. Kuta zake zilikuwa nene mno, na risasi haikuweza kuzipenya.

Ndege za kijeshi hazikuwa jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 1916 ziliruka kutoka Mbuyuni, upande wa kusini wa Kambu na Mtito Andei, kuwapeleleza Wajerumani. Lakini mwishoni mwa 1919 Waingereza walileta Berbera ndege 12 kwa meli ya Ark Royal, kwa ajili ya mtu mmoja. Tarehe 21 Januari 1920 ziliipiga ngome yake ya Medishi. Husimuliwa kwamba bomu la kwanza nusura limwue, na kwamba nguo zake ziliungua. Mifugo ilitawanyika na watu wakakimbilia mapangoni. Nyuma ya ndege walikuja askari wa ngamia na Keya. Tarehe 9 Februari Taleh ilitekwa.

Hivyo vita vya miaka 20 vilimalizika kwa wiki tatu. Kuta zile zile zilizomkinga na risasi ndizo zilizomwonyesha kwa rubani. Serikali ya London iliona kwamba njia hii ni rahisi kwa fedha, na mwaka 1922 ikawakabidhi wanajeshi wa anga ulinzi wa Iraki. Huko nako vijiji vya Waislamu vilipigwa mabomu.

Sayyid aliponyoka akakimbilia Ogaden. Alifariki Imi mwezi wa Desemba 1920 kwa homa ya mafua, si kwa bomu wala risasi. Magofu ya Taleh yangaliko. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wote waliouawa katika vita vile, Sheikh Uways akiwa miongoni mwao.